Kauri, rupia na dola: nani hulipa faida ya tofauti?

Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba kitu kilichokuwa kikiuzwa Zanzibar kwa bei ya kutupa kilikuwa fedha halali upande wa pili wa bara. Kitu chenyewe ni kauri, ambazo wengine huziita simbi: zile zenye pete ya manjano mgongoni, zilizojaa kwenye miamba ya pwani yetu hadi Msumbiji. Watu wa pwani waliziokota maji yakikupwa, wakazifukia mchangani mpaka nyama ioze, wakazisuuza na kuziuza kwa kipimo kama nafaka. Adolph Jakob Hertz ndiye aliyeanza kuzipakia kwenda Afrika Magharibi. Baada yake ikaja kampuni ya O'Swald, iliyofungua tawi Zanzibar mwaka 1849, na Wafaransa nao wakaingia. Meli zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema zikapanda hadi Ouidah na Lagos, na huko kauri hazikupimwa tena, zilihesabiwa moja moja. Kauri 40 zilikuwa uzi mmoja, nyuzi 50 zikawa kichwa kimoja cha kauri 2,000, na vichwa 10 vikajaza gunia la kauri 20,000. Kwa magunia hayo wafanyabiashara walinunua mafuta ya mawese, ambayo viwanda vya Ulaya viliyahitaji kwa sabuni na mishumaa. Katika safari nzima hakuna aliyeiongezea kauri chochote. Faida yote ilitokana na kombe lilelile kuwa na bei mbili katika fukwe mbili.

Biashara ya kununua fedha pale ilipo rahisi na kuiuza pale ilipo ghali husimuliwa zaidi kama habari ya werevu: fulani aliona ambacho wenzake hawakukiona, akatajirika. Ushahidi wa Afrika Mashariki unaonyesha jambo jingine. Tofauti ya bei ya fedha haiwezi kudumu hata mwezi mmoja kama kila mtu ana uhuru na uwezo wa kuitumia. Ikidumu, ujue kuna kizuizi kinachoilinda: bahari ya kuvuka, amri ya serikali, au kibali cha ofisini. Anayeushika mlango wa kizuizi hicho ndiye anayepata faida, hata asipokuwa mwerevu kupita wengine. Na faida hiyo hutoka mfukoni mwa watu walioishika fedha yenyewe huku hawaufikii mlango. Vipindi vitatu vya historia yetu vinalithibitisha hilo, na cha kati, cha rupia ya Kenya mwaka 1920, kinastahili kukumbukwa kuliko kinavyokumbukwa.

Tumalizane kwanza na kauri, kwa kuwa zinajibu hoja inayotolewa mara nyingi na wachumi. Wao husema kwamba mwenye kutumia tofauti ya bei huwatumikia watu wote bila kukusudia: akinunua pa rahisi huipandisha bei ya hapo, akiuza pa ghali huishusha, mwishowe bei zinalingana na soko linatulia. Hilo ni kweli, na ndivyo ilivyotokea. Lakini hoja hiyo haiulizi bei zililingana vipi, wala nani alikuwa ameshika nini siku zilipolingana. Kauri za Zanzibar zilimiminika Afrika Magharibi kwa maelfu ya tani, na kila meli iliyoshusha magunia ilipunguza kidogo thamani ya kauri zilizokuwa tayari ndani ya vyungu vya akiba vya wauza mawese. Mwisho wa karne ya 19 gunia zima lilikuwa halinunui ila sehemu ndogo ya lilichonunua zamani, na mwaka 1904 Waingereza wakapiga marufuku kuziingiza Nigeria. Wakati huo mawese yalikwisha kuwa sabuni na kuuzwa. Kampuni za Hamburg zilikuwa na biashara nyingine. Waliobaki na kauri ndio waliobaki na hasara.

Rupia nayo ilitujia kwa bahari. Ilifika pwani kwa biashara ya Bombay, ikazunguka pamoja na riale ya Maria Theresa, na Wajerumani walipochukua Tanganyika wakapiga rupia yao wenyewe. Waingereza hawakuhangaika kutengeneza mpya. Waliichukua rupia ya Uhindi kuwa fedha halali ya Kenya na Uganda. Tangu mwisho wa karne ya 19 thamani yake ilifungwa kwenye pauni: rupia 15 kwa pauni moja, yaani shilingi 1 na peni 4, au peni 16, kwa kila rupia. Kwa takriban miaka 20 hesabu hiyo haikutikisika, watu wakasahau kwamba ni hesabu. Kibarua alilipwa rupia na senti, zile senti zenye tundu katikati alizoweza kuzitunga kwenye kamba. Kodi ya kibanda ilitajwa kwa rupia. Mlowezi alikopa rupia benki Nairobi, akapanda kahawa, katani au kitani, akauza London na kulipwa pauni. Maadamu rupia ilikuwa peni 16, fedha hizo mbili zilikuwa kama fedha moja yenye majina mawili.

Vita Kuu ya Kwanza ilivunja fundo hilo. Bei ya madini ya fedha ilipanda bila kusimama, na Februari 1920 aunsi moja ilifika peni 89 na nusu London. Rupia, iliyokuwa sarafu ya madini hayo, ikapanda nayo, ikapita shilingi 2 na kuendelea. Chukua mlowezi aliyekopa rupia 15,000 kabla ya vita. Kwa hesabu ya zamani alidaiwa pauni 1,000. Rupia ilipofika shilingi 2, deni lilelile, bila kuongezwa hata rupia moja ya riba, lilikuwa pauni 1,500, na kahawa yake London haikuwa imeongezeka bei kwa sababu ya rupia. Walowezi waliomba serikali iirudishe rupia kwenye peni 16. Benki, ambazo ndizo zilizokuwa zikiwadai, hazikutaka kusikia hilo. Ofisi ya Makoloni London ikaamua mwanzoni mwa 1920 kwamba rupia ya Afrika Mashariki ifungwe kwenye shilingi 2. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa Desemba 1919, ikatoa florini ya shilingi 2 kushika nafasi ya rupia, kisha florini ikagawanywa mara mbili tukapata shilingi yetu. Kwa uamuzi huo mmoja, kila aliyekuwa na haki ya kulipwa rupia aliongezewa nusu ya mali yake kwa hesabu ya pauni, na kila mwenye deni alitozwa kiasi hichohicho.

Kilichofuata ndicho kinachoonyesha vizuri amri inavyozaa tofauti. Uhindi nayo ilijaribu kuishikilia rupia kwenye shilingi 2. Katika mwaka 1920 serikali yake iliuza hati za malipo ya London zenye thamani ya takriban pauni milioni 55 kwa bei nafuu kuliko ya soko, na waliobahatika kuzipata walivuna tofauti hiyo moja kwa moja kutoka hazina ya umma. Jitihada zikashindikana. Bei ya madini ilianguka, na kufikia 1921 rupia ya Bombay ilikuwa imerudi kwenye peni 16 za zamani. Ya Mombasa, kwa amri, ilibaki peni 24. Sarafu ile ile, yenye sura ile ile ya mfalme, sasa ilikuwa na bei mbili, na safari hii kilichozitenga si bahari, kwa kuwa majahazi na meli za Bombay zilikuwa zikija Mombasa tangu enzi. Kilichozitenga ni sheria. Rupia 15 zilinunuliwa Bombay kwa pauni moja. Zikifika Mombasa na kubadilishwa zilitoa shilingi 30, yaani pauni moja na nusu. Hakuna shamba la kahawa lililolipa faida ya nusu ya mtaji katika safari moja ya jahazi. Serikali iliona rupia zikiingia kwa magendo ikaufunga mlango mapema 1921: rupia ya Uhindi ikaondolewa kuwa fedha halali. Mfanyabiashara wa bandarini aliyepokea telegramu aliweza kuziondoa zake kwa wakati. Mwenye rupia zake chini ya kitanda huko bara hakuwa na telegramu.

Wapo watakaosema kwamba katika kisa hiki walioumia hasa walikuwa walowezi, na kwamba kibarua alinufaika, kwani mshahara wake wa rupia uligeuka kuwa na thamani kubwa zaidi kwa pauni. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Walowezi waliumia kweli. Wengine walifilisika bei ya kitani ilipoporomoka baada ya 1920. Ila walikuwa na viti katika Baraza la Kutunga Sheria, magazeti yao, na muungano wao wa vyama, na walivitumia vyote kuhamisha mzigo. Mwaka 1921 walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Iangalie theluthi hiyo kwa makini. Toa theluthi moja kutoka peni 24 unabaki na peni 16 kamili. Kile ambacho amri ya London ilimpa kibarua, mwajiri alikichukua hadi peni ya mwisho, na kibarua akarudi kwenye rupia ya zamani.

Kodi haikurudi naye. Kabla ya mgogoro kodi ya kibanda ilikuwa rupia 5, ambazo kwa hesabu ya peni 16 ni shilingi 6 na peni 8. Mwaka 1920 ilipandishwa hadi rupia 8, na rupia ilipokuwa shilingi 2 ikawa shilingi 16. Kwa hiyo mwaka 1921 mtu yule yule alilipwa kwa rupia ya zamani na kutozwa kwa rupia mpya. Tofauti kati ya rupia hizo mbili, ambayo mfanyabiashara wa Bombay aliivuka kwa jahazi, kibarua wa Kiambu aliivuka kwa siku za kazi. Harry Thuku na wenzake waliposimama mwaka huo kuunda chama chao Nairobi, kupunguzwa kwa mishahara na ukubwa wa kodi vilikuwa miongoni mwa malalamiko ya kwanza. Yalikuwepo mengine mazito, kipande (kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kubeba), ardhi, na wanawake kulazimishwa kazi, na haitakuwa haki kuyafuta ili hoja ya fedha ionekane kubwa. Lakini haiwezekani kuieleza hasira ya mwaka 1921 bila kuitaja rupia. Thuku alikamatwa Machi 1922, umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, na polisi wakafyatua risasi. Serikali ilikiri vifo vya watu 21. Mwaka huohuo kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Kipindi cha tatu hakikuhitaji bahari wala mkoloni. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, na katika miaka iliyofuata fedha za kigeni zikawa kitu cha kuombwa: anayeuza nje anakabidhi dola zake benki kwa bei ya serikali, anayetaka kununua nje anaandika maombi na kusubiri. Lengo lilikuwa la heshima, kwamba dola chache za nchi maskini ziende kwenye dawa, mafuta na vipuri badala ya anasa. Tatizo lilikuwa bei. Baada ya Azimio la Arusha, ukame, bei ya mafuta na Vita vya Kagera, shilingi ilidhoofika sana, lakini bei rasmi haikulifuata soko. Mwaka 1985 dola moja benki ilikuwa karibu shilingi 17, na mtaani ilikuwa imepita 100. Ukipewa kibali cha kununua dola 10,000 ulilipa benki takriban shilingi 170,000, na thamani yake mtaani ilikuwa zaidi ya milioni moja. Wala hukulazimika kuziuza uchochoroni. Njia safi ilikuwa kumwomba muuzaji wa nje aongeze bei kwenye ankara; bidhaa ya dola 6,000 ikaandikwa 10,000, na zile 4,000 zikabaki nje ya nchi kwa jina lako. Karatasi zote zilikuwa na mihuri halali.

Dola hizo zilitoka wapi? Zilitoka kwenye kahawa ya Kilimanjaro na Kagera, pamba ya Mwanza na Shinyanga, korosho za Mtwara. Zao liliuzwa nje kwa dola, mamlaka ya zao ikazikabidhi benki na kupewa shilingi 17 kwa kila moja, ikakata gharama zake, mkulima akapewa kilichosalia. Mkulima huyo alipokwenda dukani kununua jembe, kanga au sabuni, kama vilikuwepo, bei ilikuwa ya dola ya mtaani. Hakuwahi kuishika dola hata moja, lakini yeye ndiye aliyeuza kwa 17 na kununua kwa 100. Hakuna sheria ya kodi iliyowahi kumtoza kiasi hicho waziwazi, na kama ingepelekwa bungeni isingepita. Si ajabu kahawa ilivuka usiku kwenda Kenya. Wale walioibeba mgongoni kupitia njia za panya walikuwa wakijirudishia sehemu ya jasho lao, hata kama sheria iliwaita wahalifu.

Hoja ya upande wa pili ilitolewa wakati ule kwa nguvu zote: kwamba walanguzi ndio walioiua shilingi, na wakiondolewa itapona. Ilipewa nafasi ya kujaribiwa. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi, sheria maalumu ikatungwa, watu wengi wakakamatwa, na wengine wakatupa bidhaa porini na baharini kuogopa kukutwa nazo. Uadilifu wa Sokoine mwenyewe hautiliwi shaka na Watanzania hadi leo, na kulikuwa na waovu wa kweli waliokamatwa. Lakini pengo la bei halikuzibika. Mwaka uliofuata serikali yenyewe iliruhusu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi, maduka yakaanza kujaa, na hilo lilikuwa kukiri bila kutamka kwamba mlango ulikuwa mwembamba mno. Juni 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, dola ilipelekwa shilingi 40 na kuendelea kupanda. Mwaka 1992 sheria mpya ya fedha za kigeni ilipitishwa na maduka ya kubadilishia fedha yakafunguliwa hadharani. Agosti 1993 bei rasmi na ya soko zikaunganishwa. Mlanguzi wa dola wa uchochoroni, ambaye polisi hawakumweza kwa miaka, alikosa kazi mara tu mtu wa kawaida alipoweza kuingia dukani mchana na kununua dola kwa risiti.

Haimaanishi kwamba kuziba pengo hakukuwa na machungu. Mtumishi wa serikali aliyeishi kwa mshahara aliona bei zikipanda mwaka hadi mwaka, na wengi wa umri ule huihesabu miaka hiyo kuwa migumu kuliko ile ya foleni. Wanaoutetea mfumo wa zamani wana haki ya kulisema hilo. Wasichoweza kukionyesha ni kwamba bei ya 17 iliwalinda wanyonge, kwa sababu wanyonge hawakuipata. Sukari ya bei rasmi ilikwisha kabla hujafika mbele ya foleni, na dola ya bei rasmi iliishia kwa aliyemfahamu mwenye muhuri. Kilichopotea mwaka 1993 kilikuwa fursa ya wachache, ingawa gharama ya kuichelewesha ilikuwa imeshasambazwa kwa wote.

Tofauti ndogo bado zipo, na bado zinafuata njia ileile. Katika maduka mengi ya fedha Dar es Salaam na Kampala, noti ya dola 100 hupewa bei nzuri kuliko noti za dola 1 na 5, na noti ya zamani hupunguziwa au kukataliwa kabisa. Goma na Bukavu noti yenye mchaniko mdogo hushuka thamani mikononi mwa aliyenayo, na mbadilishaji wa barabarani huichukua kwa punguzo akijua pa kuipeleka. Tofauti kubwa imehamia Burundi. Mei 2023 benki kuu ya nchi hiyo iliisogeza dola kutoka karibu faranga 2,000 hadi zaidi ya 2,800 ili kulikaribia soko la mtaani, lakini mlango wenyewe ulibaki mwembamba na pengo likafunguka tena. Mafuta yanayoagizwa kwa dola za bei rasmi ni haba mno vituoni, mtungi wake mtaani ni ghali, na mkulima wa kahawa wa Ngozi na Kayanza analipwa kwa faranga zinazohesabiwa kwa bei ya benki.